Katuni za Punch ndani ya fremu: mahasimu walipokaribiana

Duka moja dogo la fremu katikati ya jiji la Nairobi linauza nakala za katuni za Punch, jarida la dhihaka lililoanza kuchapishwa London mwaka wa 1841. Seti niliyonunua inahusu mahasimu wa kisiasa wa enzi ya Malkia Victoria, na aliyeichagua ana jicho, kwani ameacha picha za ngumi na matusi akakusanya zile zinazowaonyesha wapinzani wakiwa wamekaribiana kuliko walivyotaka watu wajue.

Iliyo bora ni ya John Tenniel ya mwaka wa 1870. William Gladstone na Benjamin Disraeli, waliopokezana uwaziri mkuu wa Uingereza, kila mmoja ameshika kitabu cha mwenzake: Gladstone anasoma Lothair, riwaya iliyotoka mwaka huohuo, na Disraeli anasoma Juventus Mundi, kazi ya Gladstone kuhusu Wagiriki wa kale. Mmoja anaguna kwamba mwandishi analeta mzaha, wa pili kwamba mwandishi anachosha, lakini wote wanaendelea kusoma. Ukiisogelea nakala hiyo utaona vivuli vilivyojengwa kwa mistari myembamba iliyobanana, kwa sababu Tenniel alichora kwa penseli juu ya ubao, kisha fundi akauchonga ndipo upigwe chapa. Wino wa duka hili umeihifadhi mistari hiyo vizuri.

Ile ya mwaka wa 1878, inayowaonyesha wawili hao kama vijana wa shule wanaokemewa kwa kurushiana matope, inachekesha mara moja tu.

Katuni ya John Leech ya mwaka wa 1845 ina uzito zaidi. Richard Cobden, mpiganiaji wa biashara huria, ni baba anayemkokota mtoto, na mtoto huyo ni Waziri Mkuu Robert Peel. Mwaka wa 1846 Peel alifuta sheria za nafaka, zilizotoza ushuru nafaka kutoka nje, chama chake cha Wahafidhina kikapasuka, na alipotangaza kujiuzulu alisema bungeni kwamba sifa zilimstahili Cobden. Mkenya aliyewaona Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wakipeana mikono mbele ya Jumba la Harambee tarehe 9 Machi 2018 atalielewa mara moja swali la mchoraji: nani anamvuta nani? Husemwa kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru, ila Leech na Tenniel walishiba zaidi panzi walipopatana.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Picha mbili zilikatwa maneno ya chini ili zitoshee kwenye fremu, ilhali katuni za wakati ule hazikamiliki bila maneno hayo. Nilipolalamika, mhudumu alinijibu kwa upole, "Mzee, maneno yalikuwa yanakula nafasi," kisha akakubali kuzichapa upya bila malipo. Isitoshe, hakuna hata karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili, na asiyewajua wahusika ataona wazee wenye makoti tu.

Kwa shilingi 1,500 kila picha pamoja na fremu, bei haiumizi. Atakayenunua asisitize maneno yabaki, na achague fremu ya mbao isiyopakwa rangi, kwa kuwa ile nyeusi inaizidi nguvu michoro yenye mistari myembamba hivyo.