Wiki sita na mikataba ya Dola ya Uthmaniya: uzoefu wangu na kozi ya mtandaoni

Kazi yangu ya kila siku ni kufasiri mikataba ya biashara kati ya Kiarabu na Kiswahili. Nilipoiona kozi ya wiki sita ya mtandaoni kuhusu diplomasia ya Dola ya Uthmaniya nililipa ada bila kusita, nikitaraji kuona namna watu wa zamani walivyokabiliana na jambo linaloninyima usingizi: hati moja, lugha mbili, maana mbili.

Wiki ya kwanza peke yake ilirudisha thamani ya ada. Mhadhiri alieleza kwamba kwa muda mrefu sultani hakuketi na mfalme mwingine kutia saini waraka mmoja, bali alitoa ahdname, yaani hati ya ahadi, akiapa kwa jina la Mungu kwamba atayatimiza yaliyomo maadamu upande wa pili haujavunja amani. Ahadi hiyo ilikuwa ya mtu, hivyo sultani alipofariki, mabalozi walilazimika kuiomba upya kwa mrithi wake. Hapo hapo nikajua kwamba neno letu "balozi" limesafiri mbali: mjumbe wa kudumu wa Venice mjini Istanbul aliitwa bailo, Waturuki wakamwita balyos, na neno likapitia Kiarabu hadi kwetu. Miaka yote nimekuwa nikiliandika nikidhani asili yake ni Kiarabu.

Somo lililonikaa zaidi ni la mkataba wa 1547, ambapo Ferdinand wa Habsburg, mtawala wa Austria mjini Vienna, alikubali kumlipa sultani dukati (sarafu za dhahabu) 30,000 kila mwaka kwa ajili ya sehemu ya Hungaria iliyobaki mikononi mwake. Vienna waliziita fedha hizo zawadi ya heshima, ilhali Istanbul waliziandika kuwa haraji, yaani kodi ya aliye chini ya mamlaka ya mwingine. Mhadhiri alituuliza sisi tungelifasiri vipi neno hilo. Nilikaa nalo jioni nzima na jibu langu nililifuta mara tatu. Baadaye akatuonyesha mkataba wa Zsitvatorok wa 1606, ambao ulimaliza malipo ya kila mwaka kwa fidia ya mara moja ya florini 200,000, na ambao ulimpa mtawala wa Vienna cheo cha padishah, yaani mfalme mkuu, sawa na sultani, wakati mwaka 1533 Ferdinand alihesabiwa kuwa rika la waziri mkuu tu.

Somo la mkataba wa Karlowitz (1699), kati ya Waturuki na maadui zao wa Ulaya, lilinivunja moyo. Muda mwingi ulitumika kusimulia jengo la mazungumzo lenye milango minne, ili asiwepo wa kutangulia kuingia, na dakika chache tu zikabakia kwa wajumbe wa sultani, Rami Mehmed Efendi na Alexander Mavrocordatos, waliojadiliana kwa msingi wa kila upande kubaki na ardhi uliyoishika. Kuhusu mkataba wa Küçük Kaynarca (1774), kati ya Waturuki na Urusi, sina lawama: vifungu vya 7 na 14, kuhusu ulinzi wa dini ya Kikristo na kanisa la Galata, mtaa wa Istanbul, vilichambuliwa neno kwa neno, hadi tukaelewa jinsi Urusi ilivyovitumia mwaka 1853 kudai haki ya kuwalinda Waorthodoksi wote wa dola hiyo, madai yaliyochangia Vita vya Krimea.

Kasoro kubwa ni picha za hati. Tughra ya sultani, yaani alama ya jina lake iliyochorwa kama saini, yenye nguzo zake tatu zilizosimama na mizunguko miwili inayoelekea kushoto, ilionekana vizuri, lakini mistari iliyo chini yake ilikuwa ukungu mtupu kila nilipoikuza. Niliwaandikia wahusika kuomba picha safi, nikajibiwa baada ya siku kumi na moja, wiki ya mwisho ikiwa imekwisha. Manukuu yanayopita chini ya video nayo huharibu majina ya Kituruki vibaya sana.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mfasiri au mwalimu wa historia hatajuta, ila atumie kompyuta yenye kioo kikubwa, na hizo picha aziombe siku ile ile anayojisajili.