Printa ya Picha za Sanaa: Epson P900 au Canon PRO-1000?

Karibuni, watazamaji. Leo tunazitazama printa mbili za upana wa inchi 17, yaani zenye uwezo wa kutoa picha ya A2: Epson SureColor P900 ya mwaka 2020, na Canon imagePROGRAF PRO-1000 iliyoitangulia. Zote mbili hutumia wino wa pigimenti, yaani wenye chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, ambao kwa kawaida hauchujuki upesi kama ule wa rangi iliyoyeyushwa, na ndiyo maana wanaouza picha za kutundikwa ukutani huupendelea.

Nianze na swali ambalo wauzaji hawaliulizi: utachapisha mara ngapi? Wino wa pigimenti hukauka katika matundu ya kichwa, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, printa ikikaa bila kazi, hasa katika chumba kikavu chenye vumbi. Kichwa cha Epson husukuma wino kwa vipande vidogo vinavyojikunja vikipata umeme. Ni kichwa cha kudumu, lakini kikiharibika, kukibadilisha ni kazi ya fundi. Canon huupasha wino joto hadi kiputo kirushe tone, na kichwa cha namna hiyo huchakaa, ila mwenye printa anaweza kukibadilisha mwenyewe. Zaidi ya hayo, tundu likiziba, mengine hushika kazi yake. Kwa maoni yangu, anayechapisha mara chache achukue Canon, mradi akubali kwamba mashine hiyo hujisafisha yenyewe, na wino wa kujisafishia huishia kwenye katriji ya matengenezo bila kugusa karatasi. Wino huo, bila shaka, umeulipia wewe.

Epson ina katriji 10 za mililita 50, mojawapo ikiwa ya zambarau, inayosaidia katika buluu nzito. Canon ina 12 za mililita 80, na moja kati ya hizo haina rangi kabisa: ni kimiminika kinachosawazisha mng'ao kwenye karatasi za kung'aa. Basi kabla ya kushangilia bei ya mashine, uliza bei ya seti nzima ya wino.

Kuhusu weusi, zote mbili zina matundu tofauti kwa wino mweusi wa karatasi za kung'aa na ule wa karatasi za pamba zisizong'aa. Epson P800 ya zamani ililazimika kubadilisha wino mmoja kwa mwingine, na kila badiliko lilipoteza wino, kwa hiyo anayechanganya karatasi asivutwe na urahisi wa bei yake.

Mpiga picha za mandhari ndefu hana haja ya kusikiliza mengi: P900 hupokea karatasi ya roli kwa kifaa kinachouzwa kando, PRO-1000 haipokei. Mwenye wateja wa kila siku atazame mashine za inchi 24 kama Canon PRO-2100, kwa kuwa katriji kubwa hupunguza gharama ya kila mililita.

Ukinunua iliyotumika, dai ichapishe karatasi ya kukagua matundu mbele yako. Mistari ikibaki imekatika hata baada ya kusafisha mara mbili, Epson iache hapo hapo. Canon unaweza kuichukua, muuzaji akikubali kutoa gharama ya kichwa kipya katika bei ya mashine.