Uzoefu wangu na tochi ya UV ya nanomita 365 kwa kutafutia mawe yanayong'aa

Tochi ninayotumia ni ya LED, inatoa UV (mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho) wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365, ina betri moja ya kuchaji ya saizi ya 18650, na mbele ina kioo cheusi, yaani filta. Hicho kioo cheusi ndicho cha kulipia. Mengine yote ni nyongeza.

Tochi nyingi za bei rahisi ni za nanomita 395. Hizo humwaga zambarau inayoonekana kwa macho, hivyo kila jiwe jeupe linarudisha zambarau na unadhani umepata kitu. Rubi yenye mng'ao mkali utaiona hata hivyo, lakini mng'ao hafifu unamezwa wote. LED ya 365 nayo hutoa mabaki ya mwanga mweupe, na kile kioo cheusi, filta ya aina ya ZWB2, ndicho kinachoyazuia. Kuipima ni rahisi: ingia gizani, mulika kijiko cha chuma kwa upande. Doa jeupe likitokea, filta haipo au haifai kitu. Zambarau iliyofifia tu ni sawa. Usipime kwa karatasi nyeupe, maana ina kemikali za kung'arisha na itawaka bluu kwa tochi yoyote ile.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi sizijali. Wati 50 kutoka betri moja ndogo ni porojo. Kasoro halisi ya tochi hizi ni joto. Mwili ukishapata moto, mwanga unapungua, na betri ikishuka unapungua zaidi. Washa kwa vipindi na ubebe betri ya akiba.

Kwa 365 utaona madini ya floraiti yakiwaka bluu, rubi nyekundu (yenye chuma kingi huwa haiwaki), opali ya hayalaiti kijani, na mawe yenye madini ya sodalaiti ya ufukweni mwa Ziwa Superior, Amerika Kaskazini, yanayowaka rangi ya chungwa. Nyuzi za nguo, plastiki na baadhi ya kuvu za mawe nazo huwaka, kwa hiyo futa jiwe kabla ya kushangilia.

Sheliti (madini yenye tungsteni) ni habari nyingine. Hiyo, pamoja na madini ya wilemaiti yanayowaka kijani na kalsaiti zinazowaka nyekundu za Franklin, New Jersey, Marekani, zinataka mawimbi mafupi ya nanomita 254 ili zionekane vizuri. Taa yake ni bomba la zebaki lenye kioo cha kwatzi, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia mawimbi hayo. Ni ghali, dhaifu kwa mbali, lazima usogee hadi sentimita chache, na filta yake huchakaa kadiri inavyotumika. Pia huunguza ngozi na macho: vaa glavu na miwani ya polikaboneti inayofunika pembeni. Miwani hiyo ivae hata kwa 365, hasa ukimulika mawe yanayometameta.

Anayetafuta sheliti tu asinunue tochi hii. Kwa mengine naipa nyota nne. Ya tano imekwenda na joto.