Nilivyojaziwa mkopo wa chuo steshenari

Kibao kilisema "TUNAJAZA MIKOPO YA CHUO, DAKIKA 20." Mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka, bando limekata, na matokeo ya kidato cha sita yametoka juzi tu. Nikaingia. Steshenari yenyewe iko huku kwetu Mbagala, jina naliacha, maana kaka aliyenihudumia si mtu mbaya. Ana haraka tu.

Huduma yao elfu kumi na tano. Hiyo ni mbali na ada ya maombi ya Bodi ya Mikopo, elfu thelathini, ambayo mfumo unakupa namba ya malipo na unalipia mwenyewe kwenye simu. Nasema hili kwa sababu mwenzangu aliyekuwa foleni alimpa yule kaka hela zote mkononi. Usifanye hivyo.

Dakika ishirini kweli zilitosha, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Hakuniuliza kama niliwahi kurudia mtihani wa kidato cha nne, wakati namba ya mtihani unayoombea mkopo inatakiwa iwe ileile uliyoombea chuo. Hakuniuliza barua pepe yangu, kumbe kaweka yake. Na namba ya simu, yake pia. "Ili nikufuatilie vizuri, mdogo wangu."

Halafu cheti cha kifo cha baba. Yeye alitaka kuskani nakala niliyokuja nayo, basi, imeisha hiyo. Aliyeniokoa ni mama mdogo, ambaye binti yake alishapita njia hii: "Cheti cha kuzaliwa na cha kifo vyote vihakikiwe RITA kwanza. Bila hivyo uyatima wako ni maneno." RITA ndio wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Nikaomba uhakiki mtandaoni, nikasubiri. Kwenye kusubiri nikagundua cheti changu cha kuzaliwa kinasema Saidi na cha shule kinasema Said. Herufi moja! Ilibidi nitafute wakili anifanyie kiapo cha majina. Kama wewe bado uko kidato cha sita, toa vyeti vyako leo uviweke kitandani kimoja kando ya kingine, usome herufi kwa herufi. Kazi hii haihitaji dirisha la maombi lifunguliwe.

Mdhamini alikuwa mjomba. Kitambulisho cha NIDA alinipa, picha akanipa, sahihi ndiyo ikagoma. "Ukikimbia deni, wananikamata mimi?" Nikamweleza kwamba nikiajiriwa nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, mwajiri ndiye anayepeleka. Akanyamaza, akamaliza chai yake, akasaini. Serikali ya mtaa, nako kusainiwa fomu, nilikwenda mara mbili, mara ya kwanza mwenyekiti alikuwa msibani. Kamishna wa viapo, dakika tano.

Sasa nataka kupakia kurasa zilizosainiwa, nenosiri silijui. Narudi steshenari, namkuta dada mgeni. "Yule kaka? Kaacha kazi, yuko Kahama." Miguu iliisha nguvu. Nilimpigia siku mbili hapokei. Siku ya tatu, saa nne usiku, akapokea anacheka, akanisomea namba za siri zilizoingia kwenye simu yake, huku nyuma muziki unalia. Nikaingia, nikabadilisha kila kitu, nikapakia, nikatuma. Mama hakulala mpaka nilipomwonyesha kwamba maombi yamepokelewa.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ya mashine, moja ya huyo kaka kupokea simu. Kuprinti na kuskani bado naenda kwao, karatasi zinatoka safi na bei ni ya mtaani. Yule dada akiniona siku hizi ananigeuzia kibodi mwenyewe, sijamwambia neno.