Vifaranga wa kampuni ninayofanyia kazi: nyota mbili, na moja ni ya dereva

Naandika rivyu ya kampuni ambayo mwisho wa mwezi ndio inanilipa, kwa hiyo jina sitaji na mkoa pia naomba mnisamehe. Nina miaka miwili na nusu pale, nilianza kwa kupanga mayai kwenye trei, sasa hivi niko chumba cha kuchanjia na kupakia.

Tuanze na mazuri maana yapo. Ukipiga simu ya oda inapokelewa, boksi ni lile la matundu la vifaranga 100, vyumba vinne 25 25, na tunakuongezea wawili kwa ajili ya watakaofia njiani. Dereva wetu ni mtu jamani, akifika stendi saa kumi na moja alfajiri anakusubiri mpaka uhesabu mwenyewe, na kuna siku nimeona katoa koti lake kufunika boksi la mteja aliyechelewa. Nyota moja yake. Ya pili ni ya madada wa kwenye mashine za kutotolesha, siku zote 21 joto halichezi, umeme ukikatika jenereta inawaka kabla hujapata tochi.

Sasa kifaranga mwenyewe.

Unalipia 1,800 unaambiwa Kuroiler. Kuroiler ni kuku aliyetengenezwa India kwa kukutanisha wazazi wa koo tofauti, na yule unayemfuga wewe ndio mwisho wa safari, ukimzalisha tena yeye kwa yeye watoto wanatoka kila mtu na lake, mmoja anajaa mwingine miezi minne bado unamtafuta kwenye manyoya. Kila mtu wa kwenye kazi hii analijua hilo. Kwetu mayai mengine yanaingia na Noah Jumanne usiku, yanatoka kwa wafugaji ambao vifaranga tuliwauzia sisi wenyewe mwaka juzi! Yaani tunanunua mayai ya mteja, tunatotolesha, tunamuuzia mteja mwingine kwa bei ile ile na boksi lile lile. Na yale ya banda letu wenyewe ni afadhali kidogo tu, maana majogoo ni wale wale tangu naajiriwa na mitetea inayobakizwa kwa uzazi ni mabinti zao, ukiuliza unaambiwa jogoo mpya ni hela. Zamani kifaranga wa mdomo uliopishana kama mkasi mbovu nilikuwa nakutana naye mara moja moja, siku hizi kila tunapotoa sikosi, na wengine vidole vimejikunja, anajaribu kusimama anaenda chini, anajaribu tena.

Chanjo ndio inayoninyima usingizi. Chanjo ya mahepe, ule ugonjwa wa kuku unaopoozesha miguu, inachomwa siku ya kwanza, shingoni, kifaranga mmoja dozi moja, na chupa imeandikwa dozi 1,000. Sisi tunaivuta mpaka 3,000. Rangi ya bluu tunaweka ya kutosha kabisa ili mteja akipuliza manyoya ya shingo aone alama aridhike. Halafu ile dawa ukishaichanganya haitakiwi kukaa, ni kuchoma haraka umalize, sisi tunaanza saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana chupa iko mezani na feni inapuliza. Nikimaliza najaza kadi, nasaini. Sahihi ni yangu.

Mahepe haimuumbui muuzaji siku hiyo hiyo, inasubiri wiki kadhaa mteja ameshamaliza hela kwenye chakula. Mwezi wa nne alinipigia mama mmoja aliyechukua 300 kwa mkopo wa VICOBA, akasema mwanangu kuku wangu wanapiga msamba, mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Nikamjibu kama tulivyofundishwa, ni upungufu wa vitamini mama, wape multivitamini kwenye maji. Akanishukuru. Alinishukuru kweli kweli, akaniombea na dua.

Vifaranga wa kuku wa mayai ndio usiniulize. Majogoo wanatoka weupe na mitetea ya kahawia kwa hiyo kuwachagua ni dakika tu, weupe wanatupwa kwenye kiroba, kiroba kinafungwa na kinawekwa nyuma ya choo, na kinalia mpaka karibu saa sita. Ujerumani wamepiga marufuku kabisa kuwaua tangu Januari 2022. Mimi sijafika huko, ila kama ni kuua basi uue mara moja, na sisi Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008.

Mshkaji wangu ananiambia rusha video, unazo. Ninazo, 14. Lakini nimeisoma ile sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema, sio anayeweka status. Na video ikisambaa leo bosi kesho anafungua kwa jina lingine, wanaobaki barabarani ni wale madada na dereva. Nikinyamaza nako, oda ya Ijumaa hii ni 6,000 na kadi zinanisubiri mimi. Nimezunguka hapo miezi mitatu jamani, siwadanganyi.

Nilichofanya, nimenakili daftari la stoo, chupa za chanjo zilizotoka na vifaranga waliopakiwa siku kwa siku, hesabu mtoto wa darasa la tatu anaiona. Jumatatu nimeomba ruhusa ya kwenda hospitali, naenda kwa afisa mifugo wa wilaya. Nyie mnaonunua popote pale, msiangalie rangi ya bluu, ombeni kuona chupa tupu za siku hiyo na mgawanye wenyewe idadi ya vifaranga kwa idadi ya chupa.

Jana jioni nimempigia yule mama nikamwambia haikuwa vitamini. Kuku wamebaki 112. Akakaa kimya, nikadhani salio limeisha, halafu akauliza, "Na hii kadi umesaini wewe?" Nikasema ndio mama. Akaniambia nisikate simu, anatafuta kalamu.