Setralini 50 mg, miezi minne sasa: nyota 4 kwa 5

Nilianzishiwa hii dawa ya huzuni ya kuzidi (depression) nusu tembe asubuhi wiki ya kwanza alafu nzima, na niseme ukweli hio wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha kemisti. Tumbo inazunguka, kwa matatu ya Umoja nimeshikilia tu dirisha, usingizi hakuna. Daktari alikua ameniambia madhara yanatangulia, faida inakuja nyuma, wiki mbili mpaka sita hivi, mimi nikadhani ananituliza tu. Kumbe ni kweli. Wiki ya tano nikajipata nimeosha vyombo vya siku tatu bila kusukumwa na mtu, tena nikiimba. Sio raha ya kulewa, hapana, huzuni bado inapita lakini haikukalii kifuani.

Nyota moja nimetoa juu ya mambo ya chumbani (wenye wako kwa ndoa wanajua naongelea nini), hamu inapotea kabisa, na jasho ya usiku. Alafu kemisti moja hapo tao, siitaji jina, dada wa kaunta alisoma karatasi yangu kwa sauti mpaka laini yote ikageuka, huko sirudi.

Na usiache ghafla jameni. Nilienda ocha nikaisahau siku nne, kichwa ikaanza kunipiga kama shoti ya stima. Kama unatumia pia tramadoli (dawa ya maumivu) ya mgongo ambia daktari kwanza, hizo mbili hazielewani.