Kucha ndefu au fupi kwa maisha ya kila siku? Nimejaribu akriliki, jeli, za pakiti na wapaka rangi wa mtaani

Wadada habari zenu. Naulizwa sana kuhusu kucha maana watu wananiona leo nimevaa ndefu kesho fupi, sasa naandika yote hapa mtu asome mwenyewe aamue. Nimepita kote kiukweli, tipsi (vile vipande vya plastiki vya kurefusha kucha) na akriliki za saluni, jeli (ile rangi nzito inayokaushwa kwenye taa) juu ya kucha zangu mwenyewe, zile za bandia za pakiti za Kariakoo, na wale vijana wanaopita mtaani na vikapu vya rangi. Na naongelea maisha ya kawaida, sio ya kupiga picha. Mimi naishi Dar, mchana nipo dukani kwenye kompyuta na mashine ya risiti, jioni napika mwenyewe, nina mtoto mdogo na nguo nafua kwa mkono. Kama una dada wa kazi na unakula kwa uma basi baadhi ya haya hayakuhusu.

Nianze na akriliki maana ndo inayopendwa na ndo yenye mambo mengi. Ukikaa kwenye kiti fundi anakwangua uso wa kucha yako ili ishike, anabandika tipsi kwa gundi, anakata urefu unaotaka, halafu anachovya brashi kwenye ile dawa ya maji akaigusisha kwenye unga, kinatoka kijidonge kama uji mzito anakilaza kwenye kucha na kukisambaza haraka kabla hakijaganda. Ikiganda ni ngumu kweli kweli, sio ajabu maana chanzo chake ni vifaa vya madaktari wa meno Marekani miaka ya 1950. Ikitengenezwa na fundi anayejua ni nzuri jamani, sibishi, mkono unakua mrefu, vidole vinanyooka, hata pete ya bei rahisi inaonekana ya maana. Mimi nimelipa kati ya elfu 35 na elfu 60 kutegemea na saluni na michoro, na ukikaa pale ujue masaa 2 yameondoka.

Sasa rudi nyumbani na hizo kucha. Ugali kwanza. Tonge unalifinyanga kwa vidole halafu unalibonyeza kwa dole gumba lipate kishimo cha kuchotea mchuzi, na kucha ndefu hilo dole gumba halifiki, kinachofika ni kucha, ugali unaingia kwa chini unabaki huko, unamaliza kula unaanza kuuchokonoa kwa kijiti. Chapati ni hivo hivo, ule unga ukikaukia chini ya kucha unakua kama simenti. Dagaa ndo usiseme, ukichambua dagaa wa kukaanga ukatoa vichwa na matumbo ile harufu inakaa chini ya kucha mpaka kesho hata uoshe na limao. Na binzari inapaka rangi, nilikua na jeli nyeupe ya maziwa nzuri kabisa, nikapika pilau la kuku na mchuzi wa binzari wikiendi moja tu, kucha zote zikawa za njano. Kitu pekee ambacho kucha ndefu inasaidia jikoni ni kumenya kitunguu saumu na kubandua stika kwenye vyombo vipya, basi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema. Sisi tunachamba kwa maji na mkono, na ukiwa na mtoto unamchamba na yeye. Kucha ikishapita ncha ya kidole kwa urefu wa maana, usafi wake unataka brashi na sabuni kila ukitoka chooni, na kumgusa mtoto mchanga sehemu laini na kile kitu kigumu mimi roho yangu haikubali. Kumtoa kamasi tu unaogopa utamkwaruza. Nadhani hiki peke yake kinatosha kwa mama mwenye mtoto wa nepi kuamua. Na kama wewe ni nesi hata swali halipo, mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa usafi wa mikono unasema kucha za bandia hapana kwa anayegusa wagonjwa moja kwa moja, na kucha zako mwenyewe zisizidi nusu sentimita, maana vijidudu vinajificha chini yake hata ukiosha mikono.

Kazini nimezoea, sitadanganya. Kwenye simu unajifunza kutumia nyama ya kidole kwa kulaza kidole, kwenye kompyuta mwanzoni unakosea herufi halafu mkono unazoea. Kinachobaki kigumu ni sarafu. Mteja akiweka shilingi 200 juu ya kioo cha kaunta ukawa na kucha ndefu utaisukuma mpaka pembeni ndo uiokote, na foleni inakuangalia. Zipu ya gauni, pini ya mtandio, kufungua soda ya kopo, vyote hivi unaomba msaada.

Lakini mimi haya yote ningeyavumilia kwa uzuri wake, na nataka mnielewe hapa, shida kubwa ya kucha ndefu za saluni haiko kwenye kuzivaa, iko kwenye kuzitoa. Hapa ndo utajua saluni nzuri na mbaya. Kubandika kila mtu anaweza, nenda ukaangalie anavyotoa.

Kutoa akriliki kihalali ni hivi. Anakata urefu, anasaga juu kupunguza unene, anaweka pamba yenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi, kwenye kila kucha, anafunga na karatasi ya foili, unakaa dakika 20 au hata nusu saa, ile kitu inalainika anaisukuma na kijiti bila nguvu. Inachukua muda na asetoni inaisha, ndo maana wengine hawafanyi. Kuna saluni moja sitaitaja, fundi alichukua tipsi mpya akaichomeka chini ya ile ya zamani akaibandua kwa nguvu, tk, tk, tk, kidole kimoja baada ya kingine, na mimi machozi yananitoka. Kucha zangu zilibaki na mabaka meupe, nyembamba kama ganda la kitunguu, maji ya moto yakigusa naruka, nikikata pilipili ndo kabisa. Na kucha ya mkono inakua kama milimita 3 tu kwa mwezi, kwa hiyo kile kilichobanduliwa siku moja unakisubiri karibu miezi 6 kiishe chote mpaka juu. Hakuna mafuta ya kukirudisha, ni kukata na kusubiri kichipuke kipya.

Kingine cha kuuliza kabla hujakaa ni ile dawa ya maji. Kuna aina ya bei rahisi inaitwa MMA, Marekani walianza kuichukulia hatua tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya madhara yake kwenye kucha na ngozi. Dalili zake harufu kali mno inayochoma macho, na siku ya kutoa unaloweka asetoni wee haitoki. Ubaya wake ni ngumu kuliko kucha yako, kwa hiyo ukijigonga kwenye mlango wa daladala haivunjiki yenyewe, inang'oka na kucha yako ya asili. Fundi anayetumia nzuri utamuuliza atakuonyesha chupa, asiyetaka kukuonyesha inuka uondoke hata kama umeshanawa mikono.

Na kitu cha tatu ni ule ukijani. Tipsi ikiachia kidogo pembeni maji yanaingia, unafua, unaosha vyombo, unyevu unakaa huko ndani, baada ya muda unaona doa la kijani. Wengi tunasema fangasi tunakimbilia dawa ya fangasi, kumbe mara nyingi ile ya kijani ni bakteria. Inatakiwa utoe kila kitu, paache pakauke, na kama panauma au panavimba nenda hospitali. Kosa kubwa ni lile la fundi anayekwambia ngoja tuzibe tu juu haionekani. Anaziba na ugonjwa humo humo.

Ndo maana mimi sikucheka wengine walipocheka Septemba 2018, Spika Ndugai alipopiga marufuku wabunge wanawake kuingia bungeni na kucha na kope za bandia, baada ya naibu waziri wa afya wa wakati ule Dk. Ndugulile kuelezea madhara yake. Nilikua naona ni kuingilia mambo ya wanawake na bado naona kupiga marufuku haikua dawa, mtu mzima achague mwenyewe. Ila hoja ya afya ni ya kweli, na ingefaa zaidi kama wangeenda kukagua saluni zinatumia nini na zinatoaje.

Twende kwenye jeli juu ya kucha zako mwenyewe fupi. Hii ndo nimetulia nayo. Nalipa elfu 15, nakaa kama dakika 45, inakaa wiki 2 mpaka 3 haijabanduka hata nikifua mashuka. Fundi ninayemwendea sasa hivi Mwenge nimpe maua yake, anapaka tabaka nyembamba nyembamba sana, na haigusi ngozi. Hilo la ngozi ni la muhimu kuliko rangi. Jeli ambayo haijakauka vizuri ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaweza kuikataa, unaanza kuwashwa pembeni ya kucha, vipele, ngozi inabanduka, na ikishaanza kukukataa ndo basi, kila ukipaka inarudi. Kando na hilo la ngozi, huko Ulaya wameshakaza, tangu 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kiambato kimoja kinachosaidia jeli kuganda kwenye taa, kinaitwa TPO. Sasa ukinunua chupa angalia kama imeandikwa haina TPO, zipo. Na ukiingiza mkono kwenye taa ukasikia kucha inachoma usivumilie, toa mkono, ni tabaka nene limepakwa.

Kwa wenzangu mnaoswali najua jeli ni mtihani maana maji ya udhu hayafiki kwenye kucha na huwezi kuitoa kila siku. Wengi nawaona wanapaka rangi ya kawaida zile siku ambazo hawaswali halafu wanafuta, na siku nyingine hina, ambayo inatia rangi tu haiweki tabaka juu, na kwenye kucha fupi hina inapendeza kupita kiasi. Na kwenu hata urefu umeshazungumzwa, zisipite siku 40 bila kukatwa.

Wapaka rangi wa mtaani. Hawa vijana nawaheshimu sana, anatembea juani na kikapu chake na beseni, anakukuta barazani, anakuosha miguu, anasugua kisigino, anapaka mkono na mguu kwa elfu 3 au 5, na mkono wake umetulia kuliko mafundi wengi wa saluni zenye kiyoyozi. Anakuchorea ua kwa kijiti cha kibiriti likatoka safi. Tatizo ni vifaa, kile kikatio kimetoka kwa mama jirani sasa hivi kinakuja kwako. Damu kidogo tu inatosha kuambukiza homa ya ini. Mimi nina pochi yangu, kikata kucha, msasa, kijiti na kibrashi, namkabidhi anatumia vya kwangu, na namwambia mapema kaka usinikate nyama za pembeni, sukuma tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukasirika.

Urefu ninaoshauri kwa kila siku ni huu, inua kiganja kikuangalie wewe, kucha ichungulie kidogo tu juu ya ncha ya kidole, milimita 1 au 2. Hapo unakula ugali, unakanda unga, unachamba mtoto, na bado rangi inaonekana. Umbo liwe la mviringo kufuata kidole, zile za pembe mraba zinanasa kwenye mtandio na kwenye rasta ukiwa unajikuna kichwa. Usizikate mpaka kwenye nyama, pembeni zinaanza kuuma na kuvimba.

Na kwa siku za harusi, sendofu na kitchen pati ambapo mtu unataka urefu wako, nunua za pakiti. Kariakoo zipo kuanzia elfu 3 na kuendelea, kwenye pakiti ya 24 utapata saizi zako. Osha mikono na sabuni, futa kucha na spiriti mafuta yaishe, chagua inayofunika kutoka ukingo mpaka ukingo bila kupanda kwenye ngozi, ikizidi kidogo sugua pembeni na msasa. Kama ni ya usiku mmoja tumia zile stika za gundi pande mbili zinazokuja kwenye pakiti, achana na gundi ya chupa. Zitakaa mpaka keki ikatwe. Ukirudi nyumbani loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mafuta kidogo ya nazi, dakika 10 hivi, zinaanza kuachia zenyewe kutokea pembeni. Zioshe, zikaushe, zirudishe kwenye pakiti yake, stika mpya zinauzwa peke yake na zile zile utazivaa tena harusi ijayo.